Aliyeajiriwa Kutazama Vilio

Dada yangu analipwa mshahara kutazama watu wakilia. Nikisema hivi watu hucheka, wanadhani natania, halafu wanauliza kama kuna nafasi nyingine huko ofisini kwake. Ipo, nawajibu. Nendeni mkakae kwenye kile chumba miaka kumi na tisa, kisha mje mnisimulie.

Kazi yenyewe inaitwa ukaguzi wa filamu. Filamu au tamthilia yoyote, kabla haijaonyeshwa kwenye televisheni au ukumbini, lazima mtu wa serikali aitazame yote, mwanzo hadi mwisho, ndipo aseme watoto wa umri gani waruhusiwe kuiona. Wengine pale ofisini wanakagua matusi, wengine ngumi na damu, wengine mambo ya kitandani, na hao ndio wanaoonewa wivu, ingawa wenyewe wanaapa kwamba wamechoka hawataki hata kusikia. Dada alipangiwa huzuni. Misiba, wagonjwa, watoto waliotupwa, akina mama wanaoanguka sakafuni. Hakuomba. Alipoajiriwa alikuta kiti hicho ndicho kitupu, akakalia.

Chumba chake nakijua kwa sababu mimi ni fundi wa mapazia, na lile pazia jeusi zito linaloziba dirisha lake nimelishona mwenyewe. Ghorofa ya tatu, mwisho wa ushoroba, mlango unaokwama mpaka uusukume kwa bega. Ndani mna meza mbili, ya kwake na ya mzee mmoja wa miwani anayekagua vita. Kila mmoja na skrini yake, kila mmoja na spika zake za masikioni, na birika la umeme ni la wote. Wanakaa wamepeana mgongo. Mzee anatazama mabomu, dada anatazama wajane, ikifika saa nne wanavua spika, wanakunywa chai na kuzungumzia goti la mzee.

Mbele ya dada kuna fomu yenye safu nne: dakika, tukio, sababu, daraja. Madaraja ya huzuni ni matano. La kwanza mtu anasikitika tu. La pili machozi yanamtoka. La tatu analia kwa sauti lakini bado anaweza kuongea. La nne analia mpaka maneno hayatoki. La tano ni lile ambalo hata mtazamaji mtu mzima atanyanyuka hajiwezi, na dada aliniambia amelitoa mara mbili tu tangu aanze kazi. Kwa hiyo jicho moja liko kwa mama anayelia, jingine liko kwenye saa. Mama kaanza, anaandika. Mama kanyamaza, anaandika. Kuruka hairuhusiwi, kushika simu hairuhusiwi. Na kulia nako ni shida, maana ukilia unapitwa na dakika, na ukipitwa na dakika unaanza tamthilia upya.

Msidhani alizaliwa hivyo. Dada huyu huyu, jamani, ndiye aliyekuwa mliaji wa familia! Alilia kwenye harusi za watu asiowajua. Alilia paka wa mwenye nyumba alipokufa. Alilia matokeo yangu ya mtihani yalipotoka, na nilikuwa nimefaulu. Mama yetu alikuwa akimwita bomba bovu. Wiki ya kwanza kazini alirudi macho yamevimba kama aliyeumwa na nyuki, nikamwambia dada, hii kazi si ya kwako, iache. Mzee wa miwani ndiye aliyemwonea huruma akamfundisha. Alimwambia, "Mwenzangu, usimwangalie machoni. Mwangalie sikioni. Utajua analia, lakini hutaingia naye humo ndani."

Akajifunza, tena akajifunza kupita kiasi. Sikumbuki siku gani hasa bomba lilikauka. Nakumbuka kwamba kwenye mazishi ya mama yetu mimi nilishikwa na watu wanne, naye alikuwa anapanga viti. Watu wakasema, mwone alivyo na moyo wa kiume. Mimi nilijua si moyo wa kiume wala wa nini, lakini ungemwambia nani?

Mumewe aliondoka siku nyingi. Aliniambia mlangoni, sanduku mkononi, "Shemeji, mimi na dada yako hatujagombana hata siku moja. Ananitazama tu." Nikamwona mpuuzi. Mwanamume mzima anamwacha mke kwa sababu ya kutazamwa! Akamwachia mtoto mmoja, binti, ambaye sisi nyumbani tulimpa jina la Chiriku kwa vile alivyokuwa akichonga maneno tangu meno ya kwanza. Nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja anayesema na mmoja anayetazama, na waliishi hivyo, wakapendana hivyo hivyo, mpaka Chiriku akaolewa.

Mwaka huu ikaja ile tamthilia. Jina siwatajii. Ni ya mama mmoja mwenye watoto wanne, na tangu sehemu ya kwanza unajua kabisa kwamba hatabaki na hata mmoja, ila hujui ataanza kuondokewa na nani. Sehemu mia moja na themanini. Dada aliimaliza ofisini kabla yetu sote, sehemu sita kwa siku. Halafu ikaanza kuonyeshwa saa moja jioni, na majirani wakawa wanajaa sebuleni kwangu kwa sababu televisheni yangu ni kubwa na mimi sijui kumfukuza mtu.

Ikiisha, hakuna anayesimama. Tunabaki pale, mikono mapajani, kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Hamu ya kula hakuna, ya kuongea hakuna. Jirani yangu mwenye mapacha alisema akirudi kwake hata watoto wakimwita anawasikia kwa mbali, kama wako nyumba ya pili. Na kesho yake saa moja kasorobo kabisha hodi, kaja na mto wake wa kukalia. Sitaki kudanganya, tulikuwa tunalia kwa raha. Unamlilia yule mama wa kwenye televisheni, na ya kwako unayapenyeza humo humo, na hakuna anayekuuliza kulikoni. Siku inayofuata uko mtupu. Wateja wangu walipewa mapazia marefu upande mmoja, mafupi upande mwingine, na nikaona ni sawa tu.

Siku nyingine dada alipitia akitoka kazini. Anakaa kiti cha mlangoni, mkoba magotini, hanyanyui hata kope. Jirani wa mapacha akamsihi, "Dada, wewe umeshaiona yote. Niambie tu moja, yule mdogo atapona?"

Dada akafikiri. "Miaka kumi na sita na kuendelea," akasema.

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yeye hakuwa anatania. Ndicho alichokuwa anakikumbuka.

Sasa, Chiriku. Alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza, pale presha ilipompanda ghafla. Wakamkimbiza hospitali, wakamchoma sindano ya usingizi, wakampasua. Mtoto alikuwa wa kiume. Aliishi muda usiofika saa moja. Chiriku alipoamka kila kitu kilikuwa kimekwisha, na waliyemleta amuage alikuwa amefunikwa, amefumba, wa baridi. Kesho yake wanaume wakaenda kumzika. Yeye alikuwa bado na nyuzi tumboni, hawezi hata kugeuka.

Siku ya sita akaja nyumbani kwa mama yake. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Mimi nilitangulia kupika supu na kufua mashuka, nikawa nasafisha vyombo walipokaa mezani jikoni, mama huku, mwana kule. Chiriku akaanza kusimulia, tangu kichwa kilipoanza kumuuma. Mimi kule kwenye sinki nililia mpaka nikaosha sahani moja mara tatu. Dada alikuwa ametulia tuli, mikono juu ya meza. Nikasema moyoni, mwache, huo ndio usikivu wa mama.

Kisha nikamwona. Chiriku alipofika kwenye kile kitanda kidogo cha mtoto alichokikuta kitupu kando yake hospitalini, akaangua kilio, na dada akainua macho kwenye saa iliyo juu ya friji. Mara moja tu, haraka. Chiriku aliponyamaza apenge kamasi, dada akainua macho tena. Na kidole chake cha shahada kikapita juu ya kitambaa cha meza, kama mtu anayeandika tarakimu.

Chiriku aliona. Mtoto wa nyumba ile ataachaje kuona?

"Mama," akasema, taratibu kabisa. "Umenipa daraja gani?"

Mtu mwingine yeyote angeruka. Angesema, daraja gani tena mwanangu, unaongea nini, njoo hapa nikukumbatie. Lakini dada, kwa mambo ya fomu, hajawahi kusema uongo maishani mwake.

"La tatu," akasema.

Nilifunga bomba nikageuka. Nilidhani nitamwona anashtuka, anaziba mdomo, kitu. Alikuwa amekaa vile vile. Na ubaya wa jambo lenyewe ni kwamba ukilifungua lile jalada lao la madaraja, alikuwa sahihi. Mtoto alilia kwa sauti, na bado aliweza kuongea.

Chiriku akachukua simu yake iliyokuwa mezani. Akainuka kwa kushikilia tumbo. "Mamdogo," akaniambia, "twende kwako."

Nikamchukua. Njiani nilimtukana dada yangu matusi ambayo sijawahi kumtukana hata mwizi, na Chiriku hakusema neno. Yeye, Chiriku, hakusema neno.

Kwangu ndiko nilikojua ile simu ilikuwa na nini. Mumewe, pale hospitali, alikuwa amesimama mbele ya kile kisanduku cha kioo wanamowekwa watoto njiti, akarekodi. Dakika nne. Mtoto akiwa hai. Baada ya hapo yule kijana hakuweza tena kuigusa ile picha. Mkewe alimtumia, lakini akiona mkewe ameishika simu vile, anatoka nje.

"Nataka kumwona mwanangu akiwa hai, Mamdogo," Chiriku akaniambia. "Nilikuwa nimelala. Watu wote walimwona isipokuwa mimi. Lakini peke yangu siwezi. Nimejaribu, kidole kinagoma. Nilikuwa nimempelekea mama, tuitazame naye."

Nikasema, ala, mimi si mama yako? Leta hapa. Nikakaa, nikajifuta uso, nikapiga moyo konde. Akabonyeza. Ukasikika mlio wa mashine, nikaona kiguu kidogo, kidogo jamani, kikicheza ndani ya blanketi, basi. Sikuona zaidi. Nilipiga yowe, nikaisukuma ile simu. Jirani wa mapacha akaja mbio akidhani tumevamiwa. Ilichukua nusu saa nirudi kwenye hali yangu, Chiriku ananipapasa mgongo, "Basi, Mamdogo, basi." Jumatatu tukajaribu tena, ikawa vile vile. Jumanne hata hicho kiguu sikukifikia. Usiku nalala najisemea kwamba angalau mtoto huyu ana mtu wa kulia naye.

Na jioni saa moja ikifika, mimi huyu huyu mwenye akili zangu, nilikuwa nafungua ile tamthilia. Nilisema itamtoa mawazo. Majirani wakaingia, wakamkumbatia mmoja mmoja, wakamlilia begani, wakakaa. Chiriku alikaa katikati yetu, akatazama. Jumanne ile mama wa kwenye televisheni alikuwa analetewa viatu vya mwanawe. Sebule nzima ililia. Uso wake yeye ulikuwa kama ukuta uliopakwa chokaa. Nilimwona, nikadhani ni uchovu.

Tatizo lilikuwa Jumamosi. Mumewe alikuwa amehamishwa kikazi, mji wa mbali, safari ya siku mbili, na Jumamosi asubuhi gari la mizigo lilikuwa linakuja. Chiriku akaniambia wazi kwamba ataondoka bila kumuaga mama yake. "Sina ugomvi naye," akasema. "Ila siwezi tena kukaa mbele yake." Namjua yule mtoto. Maneno mengi yote yale, lakini akifunga mlango hafungui. Akiondoka vile, dada yangu amempoteza, na ile simu itakwenda huko na dakika zake nne, hakuna atakayezitazama.

Jumatano nikafunga cherehani, nikapanda ghorofa tatu, nikausukuma ule mlango kwa bega mpaka ukagonga ukuta. Mzee wa miwani akaniangalia, akavua spika, akachukua birika akasema anakwenda kutafuta maji. Birika lilikuwa limejaa.

"Dada," nikasema, "wewe ni mtu au ni kabati?"

"Sijui," akasema.

Kwenye skrini alikuwepo mwanamke amefungua mdomo wazi, amegandishwa hapo. Dada alikuwa ameisimamisha.

"Mtoto wako anaondoka Jumamosi! Unajua?"

"Mkwe alinipigia simu."

"Kwa hiyo?"

Akavua spika, akaziweka juu ya fomu. "Nasubiri kilio kije," akasema. "Nikiwa kwenye basi nasema, kitakuja nikifika nyumbani. Nikifika nasema, kitakuja nikioga. Naingia bafuni, nasema kwa sauti, mjukuu wangu amekufa. Mjukuu wangu wa kwanza amekufa. Ni kama nasoma habari za mtu mwingine, mdogo wangu. Nimekufa ganzi. Ningekuwa nafurahia ungeniita shetani, lakini sifurahii, sihuzuniki, sina chochote. Chakula nakula. Usingizi napata."

Hasira zikaniishia. Ningebaki nazo, ingekuwa heri, maana mahali pake palikuja ujinga.

"Basi igiza!" nikamwambia. "Umeona watu elfu ngapi wakilia? Hakuna anayejua kulia duniani kuliko wewe. Nenda ukamlilie mwanao, hata kama ni uongo. Anza wewe, moyo utakukuta njiani."

Nikaona anaichukulia kama kazi aliyopangiwa. "Nitakuja kesho nikitoka," akasema, akaanza kukusanya karatasi zake.

Nilikwenda kumwambia Chiriku kwamba mama yake amebadilika, kwamba nimemkuta katika hali mbaya, kwamba ampe nafasi moja tu. Niliapa. Chiriku akasema haya, aje.

Alhamisi saa kumi na moja jioni dada akaingia sebuleni kwangu. Akaweka mkoba chini, jambo ambalo hafanyi. Akasimama karibu na ukuta, akamtazama bintiye, na akaanza.

Nataka niwaambie ukweli, ilikuwa kazi safi. Kwanza mkono shingoni. Kisha pumzi inavutwa ndani, inakatika. "Mwanangu," akasema, "mwanangu," sauti ikapasuka mahali panapostahili. Mgongo ukaegemea ukuta, akateleza nao polepole mpaka chini, miguu ikakunjwa upande, kipaji cha uso juu ya ngumi, na kile kilio kikatoka kwa vipande vitatu vitatu. Mimi machozi yalikuwa yameshanifika kidevuni. Nikasema, Mungu mkubwa, kimekuja!

Nikamgeukia Chiriku nione naye. Hakuwa amesogea.

"Ni ya Jumanne," akasema. "Yule mama alipoletewa viatu. Mamdogo alikuwa ameifungulia hapa hapa." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Hata mkono ni ule ule, mama. Wa kushoto."

Dada akanyamaza palepale, katikati ya pumzi. Akainua uso. Mashavu yalikuwa makavu kabisa. Akabaki amekaa sakafuni na miguu yake imekunjwa upande, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, hajui aanzie wapi kuinuka.

"Ni mimi!" nikaruka. "Chiriku, ni mimi niliyemwambia! Usimlaumu, mimi ndiye mjinga, mimi, jamani, nisamehe mwanangu, nimewaharibia..." Na nikaanza tena, kilio changu kile, cha kushikwa na watu wanne.

"Mamdogo, nyamaza."

Hajawahi kuniambia hivyo tangu azaliwe.

"Nyamaza, tafadhali. Tangu nitoke hospitali watu wananililia. Mume wangu, mama mkwe, majirani zako. Wewe asubuhi, wewe jioni. Mkimaliza mimi ndiye nawaletea maji. Ni mimi niliyefiwa, na kazi yangu imekuwa kubembeleza watu. Nimechoka. Machozi yenu yamenimaliza, sina tena hata ya kwangu."

Ilinichoma, na bado inanichoma. Nilitaka kujitetea, nikakumbuka ni nani aliyekuwa akimpapasa nani mgongo. Nikakaa kwenye kona ya kochi langu mwenyewe kama mgeni.

Chiriku akajishusha, taratibu kwa ajili ya zile nyuzi, mpaka akakaa sakafuni mbele ya mama yake.

"Mama, sasa hivi, ukweli. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, mwanangu."

"Hata kidogo?"

Dada akatafuta. Niliona anatafuta kweli, kama mtu anayepekua mkoba. "Magoti yanauma," akasema. "Basi. Natamani ningesikia. Ningetoa chochote nisikie. Sisikii."

"Hata mimi," akasema Chiriku. "Tangu Jumapili."

Walikaa hivyo, wamekunja miguu, wanatazamana. Kisha Chiriku akaitoa simu.

"Kuna kitu nataka tutazame. Dakika nne. Sitaki ulie, sitaki unishike, sitaki useme pole. Nataka tu mtu asiondoe macho. Utaweza?"

"Hilo nitaweza," dada akasema.

"Na saa?"

Dada akaivua saa ya mkononi, akainyoosha kuelekea kwangu bila kugeuka. Nikaipokea.

"Mamdogo," akasema Chiriku, "tupishe."

Nikatoka. Ni nyumba yangu, lakini nilitoka. Nikasimama kibarazani chini ya dirisha, nimeshika saa ya dada yangu, nimejiziba mdomo kwa mkono mwingine. Dirisha lilikuwa wazi. Nikasikia mlio wa ile mashine ya hospitali ukianza, ti, ti, ti, na sauti ya mkwe wetu ikisema kitu kwa mbali, na viatu vya muuguzi vikipita. Nilisubiri simu isukumwe. Nilisubiri mtu apige yowe. Mlio ukaendelea, ukaendelea, sijui kama kuna dakika nne ndefu kama zile. Kisha ukakatika.

Nikasema, basi, imekwisha, hakuna kilichotokea, wote wawili wamekauka.

Ndipo nikasikia sauti ya dada, ile ile ya siku zote, isiyopanda wala kushuka.

"Amefungua macho."

"Wapi?" Chiriku akauliza.

"Karibu na mwisho. Baba yake alikuwa ameshaanza kugeuza simu. Ni kidogo sana. Rudisha nyuma."

"Sijaona. Mume wangu hajaniambia. Hakuna aliyeniambia."

"Hawakuona. Rudisha. Bado, rudisha tena kidogo. Hapo. Sasa tazama pembeni, chini ya mkono wa muuguzi. Ngoja. Ngoja. Hapo."

Mashine ikalia mara tatu, nne.

"Mama," akasema Chiriku, na sauti yake haikuwa tena ile ya ukuta. "Mama, ana macho meusi."

"Ndiyo."

"Nilimwona amefumba tu. Sikujua yana rangi gani. Mwanangu alikuwa na macho meusi, mama."

"Ndiyo. Na anaangalia."

Kilio kilichomtoka Chiriku sikuwahi kukisikia kwake, wala kwenye televisheni yangu, wala kwa mtu yeyote, na sikuingia ndani. Nilikaa chini kibarazani. Nilingoja nisikie na dada akilia naye, nilimwombea kwa kweli, lakini hakulia.

"Nirudishe tena?" akauliza.

"Rudisha," Chiriku akasema, na dada akarudisha.